Baraza Lililopima Uchovu

Ng'ambo ya bahari saba, katika kisiwa ambacho mvua yake hainyeshi ikatosha wala haiachi ikakauka, palikuwa na bonde lililotawaliwa na Baraza la Ndege. Mwenyekiti wake alikuwa Bundi, kiongozi aliyesifiwa kwa macho ya kuona usiku, ingawa usiku wenyewe aliutumia kuwinda na mchana akasinzia kitini. Katika bonde hilo aliishi Mama Kulungu na mwanawe ambaye miguu haikumbeba. Mtoto huyo alinyweshwa maziwa kwa unyasi mwembamba uliopitishwa puani, tone baada ya tone, na kila baada ya saa mbili, usiku kucha, ilibidi ageuzwe ubavu asije akachubuka. Mama alimpenda mwanawe kufa na kupona. Alichokikosa ni usingizi.

Siku hizo palikuwapo shimo la Bibi Sungura, ambako watoto wa namna hiyo walilazwa siku mbili kila mwezi ili mama zao wajinyooshe. Bibi huyu hakujua kusoma, lakini alijua nani halali ila taa iwake, nani hali ila kwenye bakuli jeupe, na nani akinyamaza ghafla ujue kifafa ki njiani. Mara ya kwanza kumpeleka mwanawe, Mama Kulungu alilala tangu magharibi hadi adhuhuri ya pili, akaamka akitetemeka kwa kuwa hapakuwa na aliyemwita.

Naye Simba, aliyeketi mji mkuu, alikuwa ametunga sheria, na kwa haki ya Mungu ilikuwa sheria njema. Iliagiza kila baraza liwaandalie wazazi hao pumziko, mchana na usiku, mwisho wa juma na wakati wa likizo. Tena lisiwatazame wale waliokwisha kuelemewa peke yao, bali hata wale ambao wangelea vyema zaidi wakipumua kidogo. Iliagiza pia pasimamishwe ubao hadharani, uonyeshe pumziko lililopo na anayestahili kulipata. Zamani gunia la nafaka ya pumziko lilifungwa uzi mwekundu, asiliguse mtu kwa shughuli nyingine. Sheria ilipoanza kutumika, uzi ukakatwa, nafaka ikamwagwa katika ghala moja na nyinginezo, na mabaraza yakaambiwa kwamba sasa yako huru. Uhuru huo ulikuja na gunia dogo zaidi.

Bundi, ambaye hakuwa mjinga, aliisoma sheria yote akachagua kuanza na ubao. Ulichongwa kwa mwaloni, herufi zikatiwa dhahabu.

Anayestahili, ubao ulisema, ni aliyechoka. Kazi ya kupima uchovu alipewa Korongo, karani mwenye shingo ndefu na huruma fupi. Mama Kulungu alimwendea akiwa amejichana manyoya kwa heshima ya ofisi, akaambiwa hajachoka. Akarudi baada ya miezi mitatu, macho mekundu, matope magotini. Korongo akaandika pembeni mwa daftari kwamba huenda mama huyu hawezi kulea, achunguzwe. Jirani yake Nungunungu alibahatika kukutwa katikati, amechoka kiasi cha kusaidiwa na si kiasi cha kushukiwa, akapewa saa tatu kwa mwezi.

Kisha baraza likatangaza zabuni. Kati ya alama 100, bei ilipewa 60 na ubora 40. Swali la nane lilimtaka mwombaji aeleze falsafa yake ya ubunifu kwa maneno yasiyozidi 500. Bibi Sungura alimtuma mjukuu amwandikie: “Nawalaza, nawaamsha.” Akapata alama mbili. Aliyeshinda ni Kunguru wa bonde la mbali, ambaye hakuwahi kumgeuza mtoto ubavu, lakini andiko lake lilijaladiwa kwa ngozi, na juu ya jalada palichorwa kinda la mbayuwayu likicheka, buheri wa afya.

Msimu wa pili haujaisha, Kunguru akarudisha mkataba, akisema kwa bei ile aliyoitaja mwenyewe hapatikani mtu wa kukesha. Wakati huo Bibi Sungura alikwisha kufunga shimo, na panya wachuuzi wamelipanga.

Baraza likashtuka, na kama ilivyo desturi ya mabaraza yaliyoshtuka, likaitisha mkutano wa kuwasikiliza wazazi. Uliwekwa Jumanne, saa nne asubuhi, kileleni mwa mvinje usio na ngazi, na watoto hawakuruhusiwa. Mama Kulungu alituma salamu akiuliza nani atabaki na mwanawe ili yeye apate kuja kueleza kwamba hana wa kubaki na mwanawe. Salamu zilipokelewa kwa shukrani, zikaambatanishwa. Walihudhuria Bundi, akisinzia, Korongo mwenye daftari, na Kunguru, aliyealikwa kama mzoefu.

Kumbukumbu za mkutano zilieleza kwamba hakuna mzazi aliyejitokeza, na kwamba kwa hiyo baraza limeridhika kuwa hitaji limepungua. Zabuni mpya imekwisha kutangazwa, na safari hii bei imepewa alama 70.