Fundi wa Ngome Kongwe

Shati langu jeusi limelowekwa kwenye beseni tangu jana usiku, na maji yameshabadilishwa mara tatu. Kila mke wangu akipita uani analitazama, ananitazama, kisha anakimbilia ndani kucheka. Sina la kumwambia. Lingempata yeye, ningecheka mpaka majirani waje kuuliza.

Jana tulikwenda Bagamoyo kutembea: mimi, yeye, na mpwa wangu wa darasa la nne. Kutoka Kimara hadi kupata basi la Bagamoyo tulishabadilisha gari mbili, na kwenye hilo basi nikakalia siti ya juu ya tairi, magoti jirani na masikio. Shati lilikuwa jipya. Jeusi, kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba linaficha kitambi.

Ngome Kongwe ilijengwa 1860. Kijana mtembezaji alitueleza vizuri: Sultani Barghash akaitwaa, Wajerumani wakaweka askari wao humo. Hapo mpwa wangu akagonga ukuta kwa vidole. "Mjomba, hizi ni bloku za inchi sita?"

Kwa bahati mbaya, nilikuwa najua jibu. Nikaegemea ukuta, nikakunja mikono.

Haya ni matumbawe, nikamwambia. Na kinachoyashika ni matumbawe pia. Walipanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, wakamwaga vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe linafukuza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila jiko, linafoka mvuke, linasambaratika kuwa unga. Hiyo ndiyo chokaa. Sasa sikia utamu wake: ukishaipaka ukutani inaanza kuinyonya tena kaboni ileile kutoka hewani, polepole, miezi na miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Na vyumba kwa nini vyembamba? Boriti za mikoko! Mkoko haukupi mti wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, basi na chumba kinaishia hapo, hata mwenye nyumba awe Sultani. Na ole wake anayekandika saruji juu ya ukuta kama huu: unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaisukuma plasta, ukuta unaanza kujimenya.

Nilisema robo saa nzima. Kila nilipotaka kusisitiza jambo nilijisugua ukutani kwa mabega. Jambo moja tu sikulifundisha: chokaa ambayo haijashika hubaki unga juu ya ukuta, inamsubiri mtu mwenye shati jeusi.

Tukatoka kuzunguka mji. Pale Mtaa wa India vijana kwenye baraza wakaniamkia, "Shikamoo, fundi!" Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito. Nikajiona mtu. Mama mmoja muuza kachori akaniuliza, "Fundi, chumba na sebule unafanya kiasi gani?" Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba mimi hueleza tu, sitozi. Alifurahi mno. Akaomba namba ya simu, nikampa, nikiwaza jinsi watu wa Bagamoyo wanavyoipenda historia.

Ni mpwa wangu aliyenipiga picha kwa nyuma na kunionyesha. Mgongo mzima mweupe! Katikati, palipopita mkanda wa begi na mkanda wa chupa ya chai, pamebaki alama nyeusi ya X, imenyooka kama ya rula.

"Wewe ulikuwa unajua?" nikamuuliza mke wangu.

"Tangu kule ngomeni, Baba Asha. Ulikuwa unafundisha vizuri, sikutaka kukukatiza."

Walicheka wote wawili. Mimi ile X ilinikalia vibaya. Mtu wa Kimara haoni X akacheka. Mwaka 2017, Barabara ya Morogoro ilipotaka kupanuliwa, X ilipakwa kwa rangi nyekundu kwenye sebule ya dada yangu, mama yake mpwa wangu huyu, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kikaja kijiko. Barabara ya njia nane imekuja, naipita kila siku, na siwezi kusema haina faida. Lakini ukuta wa 1860 una mlango, tiketi na kijana wa kuueleza. Wa dada ulidumu miaka sita, na madirisha ya aluminiamu alikuwa hajamaliza kuyalipia. Nani atamtembeza mgeni pale?

Magofu ya Kaole hatukufika. Mnara wa Livingstone niliupita kinyumenyume. Pweza alikuwa mtamu, mchuzi wake ukamwagikia upande wa mbele wa shati.

Asubuhi hii simu imeita. Yule mama wa kachori. Sebule yake ni futi kumi na mbili kwa kumi, na anasema chokaa ameshanunua.