Ukitaka Kumtungia Yesu Utenzi, Ficha Kisu

Kwanza, usikubali. Mwenyekiti wa jumuiya akikufuata baada ya misa, akakushika bega na kukuambia, "Ndugu, wewe kutunga unajua, hebu Krismasi hii tutungie kautenzi ka maisha ya Bwana," mwambie una mafua. Ukishakubali, haya yatakuhusu.

Utenzi unadanganya kwa wepesi wake. Ubeti ni vipande vinne tu, mizani nane nane; vitatu vya mwanzo vinashika kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kitakachorudi mpaka mwisho wa safari. Usisingizie mtindo. Mwengo wa Athumani aliutumia Pate mwaka 1728 kusimulia vita vya Waislamu na Warumi katika Utenzi wa Tambuka, na Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, akaupakia Injili nzima katika Utenzi wa Enjili Takatifu. Jahazi ni lile lile, shehena ndiyo tofauti. Likizama, nahodha ni wewe.

Hatari ya kwanza imo katika jina lenyewe. Chukua karatasi uandike maneno yanayoishia kwa -su kama Yesu. Busu: utalihitaji, ila si kabla Yuda hajafika bustanini. Nusu. Ruhusu. Kisha unabaki unatazama dari, na neno linalokujia ni kisu. Mimi lilinijia usiku wa manane, nikalikaribisha:

Kazaliwa Bwana Yesu,
Usiku wake wa nusu,
Yusufu kashika kisu,
Horini Bethilehemu.

Hesabu kwa vidole: nane, nane, nane, nane. (Ndiyo, Bethlehemu nimeichomekea i. Washairi tuna ruhusa zetu.) Niliughani mbele ya kanisa zima kwa sauti ya kutetemeka kidogo, na hakuna aliyecheka. Nje, chini ya mwembe, katekista mzee alikuwa ananingoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Utenzi mzuri. Ila kile kisu."

"Kisu kipi, mwalimu?"

"Cha Yusufu. Mama ndiyo kwanza amejifungua, mtoto yuko horini, baba kashika kisu. Alikuwa anataka kufanya nini?"

Nikamjibu kwamba Yusufu alikuwa seremala, na seremala hakosi vifaa.

"Seremala ana randa," akasema, akaenda zake kwenye pilau.

Kwa hiyo sikiliza: neno Yesu lisikae mwisho wa kipande. Mwite Bwana. Kina cha -na ni shamba lisilo na mpaka: Mwana, amana, hiana, Kana, Yohana, hata laana ukifika kwa Herode.

Ukoo wake uruke. Mathayo anashuka kutoka kwa Abrahamu, Luka anapanda mpaka kwa Adamu, na baba yake Yusufu kwa Mathayo ni Yakobo, kwa Luka ni Eli. Yupo mtu kwenye benchi la mbele anayelijua hilo, na amekuwa akingoja miaka mingi apate wa kumuuliza.

Zizini nako tembea polepole. Luka ametaja hori. Ng'ombe na punda hakuwataja. Mathayo hakusema mamajusi walikuwa watatu wala kwamba walikuwa wafalme, na mtoto walimkuta nyumbani. Lakini jaribu kumtoa ng'ombe uone. Watoto wa Jumapili wameshamkata kwa boksi la soda na kumpaka rangi, na mama zao wamekaa hapo. Mwache ng'ombe. Waliotutangulia walifanya makubwa zaidi: katika Heliand, utenzi wa Yesu ulioandikwa kwa Kisaksoni katika karne ya 9, wachungaji wa kondoo wamegeuzwa walinzi wa farasi, na wanafunzi ni askari wa mtemi wao. Hakuna Msaksoni aliyelalamika.

Ukizishona Injili nne ziwe moja, utafika hekaluni ukwame. Yohana anazipindua meza za wabadili fedha mwanzoni mwa kazi ya Yesu, wenzake watatu wanazipindua juma la mwisho. Ama uchague, ama wale wafanyabiashara wapate hasara mara mbili.

Msalaba ndio wenyewe. Hapo mizani huanza kuonekana kama utani, na ukiona kalamu imekataa, usijilaumu. John Milton, aliyekuja kuandika Paradise Lost, alipokuwa kijana alianza shairi la mateso ya Yesu, akaishia njiani. Alipolichapisha mwaka 1645 aliambatisha maelezo kwamba jambo lile lilikuwa limeuzidi umri wake. Huyo ni Milton. Wewe umepewa wiki mbili, na kwaya inataka nafasi yake.

Kuhusu kisu, nilishindwa kukitupa. Kina kama kile hakiokotwi mara mbili. Nimekihamishia Gethsemane, mkononi mwa Petro, karibu na sikio la Malko, na busu nalo liko hapo hapo. Najua Yohana ameandika upanga. Lakini upanga una mizani tatu, kina chake ni -nga, na Petro yumo ubeti mmoja na Yesu. Katekista ameusoma, ameguna, amesema atamuuliza paroko.