Uhuru wa Mwaka 1947

Kwa mujibu wa kijitabu cha ukoo wetu, Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1947. TANU haijazaliwa, Nyerere mwenyewe bado yuko Tabora anafundisha, lakini sisi huku Chome, chini ya Shengena, tulishajitawala. Mwaka uliofuata Mkomazi ikawa Hifadhi ya Taifa.

Kijitabu ni kazi ya mpwa wangu, kijana wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Kila Desemba hupanda huku kula makande ya mama yake, na safari hiyo wazee wakamtwika mzigo: aandike historia ya ukoo kidogo, halafu zamu za ndiva, bwawa letu la maji. Angeandika kama watu wengine, yakaisha. Yeye akatumia Markdown, alama zilezile wanazoandikia maelekezo ya programu kazini kwao. Unaweka nyota hapa, kistari pale, kompyuta inapanga yenyewe.

Na aliandika sawasawa, nimeona kwenye simu yake. 1945, nukta, Wapare wateremka Same kupinga kodi ya mbiru. 1951, nukta, Mkomazi yawa pori la akiba. 1961, nukta, uhuru. 2008, nukta, hifadhi ya taifa. Akatuma stesheneri mjini Same, nakala zikapanda na basi, hakuna aliyezifungua hadi siku ya mkutano.

Mzee akasoma kwa sauti. 1945, sawa. 1946, pori la akiba. Mwalimu mstaafu akakohoa. 1947, uhuru, mwalimu akasimama.

"Siku ya uhuru nilikuwa darasa la tatu. Nilipewa chai na andazi uwanjani. Mnataka kusema chai ile niliinywa kabla sijazaliwa?"

Mpwa akageukia upande wangu. "Mjomba, nisaidie." Nimsaidie nini? Nikamwambia aeleze mwenyewe.

Akaeleza. Mstari ukianza na tarakimu, nukta na nafasi, kompyuta inaamini hiyo ni orodha ya namba. Namba ya kwanza inaiheshimu. Zinazofuata haizisomi kabisa, inahesabu yenyewe moja moja. Faida ipo: ukichomeka hatua mpya katikati ya maelekezo, huna haja ya kusahihisha namba zote za chini. Zamani kila programu ilikuwa na tafsiri yake, ndipo mwaka 2014 kanuni zikawekwa bayana chini ya jina la CommonMark, mpaka idadi ya tarakimu: mwisho 9. Markdown ya awali, ya John Gruber ya mwaka 2004, ilianzia 1 tu, uandike usiandike. Mimi ningeipenda hiyo. Mbiru namba 1, uhuru namba 3, hata mtoto angejua kuna kitu kimeharibika. Hii ya sasa inatanguliza mwaka wa kweli ili uiamini.

Hadi hapo ilikuwa historia tu. Kizaazaa kilikuwa ukurasa wa pili.

Ndiva yetu hukusanya maji usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na kila kaya inajua namba yake kuliko namba ya simu. Namba 3 na 4 walikuwa wamesimamishwa kwa kutokwenda kuondoa tope, kwa hiyo kijana aliandika 1, 2, 5, 6. Zikatoka 1, 2, 3, 4. Utani wa watani zetu mnaujua, kwamba Mpare atauza ng'ombe agharimie kesi ya kuku. Sasa hapa ni maji. Namba 5 akakunja kijitabu chake polepole, akakitia mfuko wa ndani wa koti. "Mimi ni wa tatu," akasema. "Maandishi ni maandishi."

Mpwa akaapa kwamba dawa ni ndogo: unaweka kimkwaju kilicholalia nyuma mbele ya nukta, basi. Hata Gruber mwenyewe alitahadharisha kwenye maelezo yake, tena kwa mfano wa mwaka, 1986.

Mzee akavua miwani. "Alijua?"

"Alijua, babu."

"Na akaandika?"

"Aliandika."

"Basi huyo ni shahidi wetu. Aitwe."

Mkutano mzima ukaafiki aitwe. Kikabaki kipengele kimoja, nani atalipa nauli kutoka Philadelphia, na hapo ndugu zangu wakakumbuka kwamba kuna mawingu, tufunge kwa sala.