Mheshimiwa Hana Ufunguo

Siku ya kwanza kuitwa Mheshimiwa niligeuka nyuma kutazama nani kaja. Sasa nimezoea. Nimejua pia kwamba anayekuita Mheshimiwa saa kumi na mbili asubuhi hakukuletea salamu. Kakuletea godoro.

Mimi ni Waziri wa Malazi katika serikali ya wanafunzi. Usicheke. Vyuo vyetu hapa Tanzania havikutosheka na mwenyekiti na katibu kama vikoba vya akina mama, ambavyo angalau vina pesa. Sisi tuna Rais, Waziri Mkuu, Spika, Bunge na mawaziri wa kila kitu. Wa Michezo ana mpira mmoja, kaufungia chumbani kwake usiibwe, na funguo kazipoteza. Mimi niliapishwa nikiwa na koti la kuazima. Mwenye koti alisimama mlangoni akiangalia saa mpaka nikamaliza kiapo, maana naye alikuwa analitaka kwenye harusi ya binamu yake.

Mali za wizara ni meza, daftari la mistari, na kalamu iliyofungwa kamba isitembee. Vyumba ni vya chuo. Funguo anazo mlezi wa hosteli, mama mmoja asiyejua kama kuna serikali nyingine nchini zaidi ya ile ya Dodoma. Orodha ya waliopangiwa vyumba imo kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo huo, muhula ukianza tu, unaanguka kama mgonjwa wa kifafa. Kinachobaki kwangu ni lawama. Hizo bajeti yake haijawahi kukatwa.

"Mheshimiwa, kitasa kimenasa." "Mheshimiwa, mwenzangu anapika dagaa chumbani usiku wa manane." "Mheshimiwa, bumu limetoka?"

Hilo la bumu ndilo linalonikera. Waziri wa Mikopo yupo, ana miguu miwili na simu. Lakini fedha za kujikimu zikichelewa kidogo, simu yake inapatwa na maradhi ya kutopatikana, na wapiga kura wanamgeukia waziri yeyote atakayeonekana uani. Zikitoka napo ni balaa. Mnufaika wa mkopo anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, analipwa za siku 60 kwa mpigo. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaziona laki sita, zile siku 60 hazioni. Wiki ya pili ana spika yenye taa za rangi. Wiki ya tano yuko mezani kwangu anauliza kama wizara ina fungu la chipsi kavu.

Nikikaa kwenye meza yangu chini ya mwembe huwa nawawaza waliotutangulia. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walivaa majoho wakaandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawafukuza kwa mamia, na kwa hasira hizohizo akajikata mshahara wake asilimia 20. Huko ndiko kufukuzwa! Mimi pia nimeshafukuzwa, lakini na mlinzi wa hosteli ya wasichana, nilipokwenda kuhesabu vitanda vibovu. Nilimwonyesha kitambulisho cha uwaziri. Akakigeuza, akakisoma nyuma ambako hakuna kitu, akaniambia, "Kijana, hata jana alikuja waziri."

Kosa ni langu, nakiri. Kwenye kampeni niliahidi kila mwanafunzi kitanda chake. Ukumbi ulilipuka. Hakuna aliyeuliza vitanda viko vingapi, na mimi, kwa vile nasoma takwimu, niliona si vizuri kuanza. Chumba cha watu wanne kinalala saba, kwa utaratibu wetu wa kubebana: mwenye kitanda anambeba asiye nacho, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Chuo kinakataza. Wizara yangu inalaani mchana, na usiku inapanga nani abebwe wapi.

Basi Jumatatu ile ya kupokea wageni akaja mama mmoja na mwanawe, wametoka Kigoma, safari ya basi ya siku nzima na ushee. Wamebeba godoro, sanduku la bati, na dumu la mawese ambalo kizibo chake hakikufunga vizuri. Nikasimama.

"Shikamoo mama. Poleni na safari."

"Marahaba mwanangu. Waziri wa vitanda yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

Akanitazama kuanzia kandambili hadi fulana. Akamtazama mwanawe. Kisha akalitua dumu juu ya daftari langu, na hapohapo kumbukumbu zote za wizara, kuanzia herufi A hadi M, zikageuka rangi ya chungwa.

Jina la kijana halikuwamo popote. Nikaanza kueleza habari ya mfumo, awamu ya pili, kuvuta subira. Mama akanisikiliza kwa adabu, akaketi juu ya godoro, akanyoosha miguu. "Hamna neno, Mheshimiwa. Tutasubiri hapahapa." Saa kumi jioni alikuwa bado amekaa, keshawagawia dagaa walinzi wawili na katibu mkuu wangu, na watu wanapanga foleni kwake wakidhani ndiye waziri. Kwa kweli alikuwa anawajibu vizuri kuliko mimi.

Ilipogonga saa kumi na mbili nilisalimu amri. Nikamchukua kijana nikambeba mwenyewe, kitandani kwangu, kwa siku mbili tu. Mama akanishika mikono yote miwili, akaniombea niwe rais wa nchi, akarudi zake stendi.

Wiki ya tatu hii. Kijana ni mrefu, miguu yake inaanzia kifuani mwangu na kuishia puani. Mawese yamo uvunguni.

Jana simu ikalia, namba ya Kigoma. Nikajua naletewa shukrani, nikakaa sawasawa.

"Mheshimiwa, hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Sasa baba, huyu mdogo wako kanipigia. Anasema huyo mliyempanga naye anakoroma. Huwezi kumhamisha?"

Nikamwambia wizara imepokea malalamiko na inayafanyia kazi.