Sifa za Kiti cha Plastiki cha Mgahawani

Kiti cha plastiki cha mgahawani ni kiti cha kipande kimoja chenye miguu minne, mgongo wenye matundu na, kwa wenye migahawa waliojaaliwa, mikono miwili. Hakina msumari, gundi wala kiungo. Uzito wake ni kama kilo mbili na nusu, ndiyo maana mhudumu wa Maili Moja, Kibaha, huweza kukokota vitano vilivyopachikana kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa na jagi la kunawia. Katika vyombo vyote vya mgahawa hakuna kinachotukanwa kama hiki. Wali ukiungua hulaumiwa mpishi, chai ikipoa hulaumiwa mhudumu. Kiti kikivunjika hulaumiwa kiti chenyewe, na aliyeanguka huchekwa. Hakuna anayemuuliza aliyeanguka alikuwa anaegemea kwa nini.

Nasaba ya kiti hiki haina haya yoyote. Watu wa pwani walikijua kiti cha enzi, cha mpingo kilichotiwa njumu za pembe za ndovu, kilichowekwa sebuleni ili mgeni mkubwa akikalie na wadogo wakitazame. Chini yake kilikuwapo kigoda, na chini zaidi mbuzi ya kukunia nazi, kiti pekee chenye meno ya chuma. Mama lishe alipoanza kuuza chakula kando ya barabara alikalisha wateja kwenye benchi la mbao, ambalo lina hila inayofahamika: wa katikati akiinuka bila kuaga, wa mwisho hupinduka nalo, na mchuzi humfuata.

Plastiki ilikuja kuwatenganisha hao wawili. Mwaka 1946 Mkanada D. C. Simpson alibuni kiti cha plastiki cha kipande kimoja. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa alichokiita Fauteuil 300, na akaupunguza muda wa kutengeneza kiti kimoja hadi chini ya dakika mbili. Chembechembe za polipropilini huyeyushwa kwa joto la nyuzi 220 hivi, husukumwa ndani ya kalibu, hupoa, na kiti hutoka kizima kama kilivyo. Massonnet hakukikatia hataza, kwa hiyo viwanda vya kila pembe ya dunia vilikiiga. Kwa kulinganisha, chipsi mayai ya Kibaha iliyoahidiwa kuwa ni ya “dakika tano tu” huvikuta viti kumi vimekwishazaliwa huko kiwandani, na bado yai halijavunjwa. Mwaka 2017 makumbusho ya Vitra, Ujerumani, yalikiandalia kiti hiki maonyesho yake pekee, na watu wakaenda kukitazama bila kuruhusiwa kukikalia. Huko Maili Moja kiti hicho hukaliwa bure na yeyote atakayeagiza chai.

Fadhila zake hudhihirika zaidi kikiwekwa kwenye ardhi, na Mkoa wa Pwani umekipa ardhi mbili za kujipima. Kibaha, makao makuu ya mkoa, ipo kando ya Barabara ya Morogoro, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na udongo wake una mchanga mwingi. Kiti kikitolewa nje chini ya mwembe, miguu yake huzama polepole, ya nyuma kabla ya ile ya mbele, kwa kuwa mlaji kadiri anavyoshiba ndivyo anavyoegemea. Aliyeanza kula akiwa ameitazama meza kutoka juu humaliza kidevu kikiwa jirani na sahani, na safari ya tonge inakuwa fupi zaidi pale ambapo mkono umeanza kuchoka. Kisarawe mambo ni mengine. Mji umekaa kwenye vilima, mbele ya msitu wa Pugu, na mara nyingi uwanja wa mgahawa ni mteremko uliosakafiwa kwa awamu, kila awamu na saruji yake. Hapo mguu mmoja kati ya minne hubaki hewani. Tiba zinazokubalika ni kizibo cha soda, kigae cha tofali, au boksi lililokunjwa mara nne. Lakini tiba ya kudumu ni mkono wa kushoto. Mkono huo, ambao adabu imeuzuia kugusa chakula tangu utotoni, Kisarawe umepata kazi ya heshima: kushikilia meza ili mwili usiondoke.

Mtu angetarajia Kibaha iwe na viti vya namna nyingine. Mwaka 1963 ulianzishwa hapo mradi wa nchi za Nordiki, ambao serikali ya Tanzania ilikabidhiwa mwaka 1970 na ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Miongoni mwa wafadhili walikuwamo Denmaki na Ufini, mataifa yanayosifika duniani kwa viti vya mbao vilivyopindwa kwa ustadi. Yalileta shule, huduma za afya na mafunzo ya kilimo. Suala la viti yaliliacha wazi, na plastiki ikaja kuziba pengo hilo.

Sifa kubwa kuliko zote, ambayo wenye migahawa huijua na hawaisemi, ni kwamba kiti hiki ndicho meneja wa kweli. Kibanda chenye meza nne huvuna faida yake kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati makarani, mafundi na abiria wa mabasi wanapotaka ugali dagaa kwa pamoja. Kiti cha sponji kingemkalisha karani hadi alasiri kwa soda moja na mazungumzo ya mpira. Kiti cha plastiki kina subira, lakini subira yake ina mpaka. Kwanza ukingo wa mbele hubana mapaja. Kisha joto la pwani hugandisha shati mgongoni, na mlaji akijisogeza husikika mlio ambao mezani haufai kuelezewa. Halafu mguu wa nyuma huanza kufunguka nje taratibu, hasa kwenye marumaru. Mlaji huinuka mwenyewe, hulipa, hushukuru na kuondoka, na meza hupata mwingine. Mama lishe hakutamka neno, wala uso haukukunjwa. Mila ya kutomfukuza mgeni imebaki salama kabisa, na wali umeuzwa mara mbili.

Kikiwekwa juani hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Kiswahili cha Tanzania kimeipa nyama ya nguruwe jina la kitimoto, nyama ambayo katika mkoa wenye Waislamu wengi huuzwa pembeni na huliwa kwa sauti ya chini. Kwa haki, jina lilikuwa la kiti cha plastiki kilichosahauliwa nje saa saba mchana, ambacho hakibagui dini ya anayekikalia.

Lugha yenyewe haijakinyima kiti utukufu. Kiongozi wa kikao huitwa mwenyekiti, hata kama hana kiti nyumbani. Na mwenyekiti wa mtaa akiingia mgahawani hupewa kilekile cha dereva wa bodaboda, chenye ufa uleule. Katika uganga wa pwani, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Aliyekalia kiti kilichopasuka katikati huelewa uhusiano huo bila mganga: akikaa ufa hupanuka, akitaka kuinuka hujifumba, na sauti inayomtoka si yake.

Maradhi ya kiti hiki yana sababu zinazojulikana. Mionzi ya jua huikata minyororo ya polipropilini kidogo kidogo. Rangi hufifia, na juu hutokea unga mweupe ambao huhamia kwenye suruali nyeusi na kumtambulisha mlaji ofisini mchana kutwa. Viwanda vingine huchanganya chokaa nyingi ili kupunguza gharama, na kiti hukakamaa hadi kuvunjika kama bisikuti. Uganga wake ni rahisi: msumari uliopashwa moto hutoboa kandokando ya ufa, waya au kamba ya nailoni hupita kwenye matundu, na mgonjwa hurudi kazini siku hiyohiyo akiwa na mshono. Kwa wateja wazito ipo kinga. Viti viwili au vitatu hupachikwa kimoja ndani ya kingine, na mhudumu mwenye busara huvipachika mteja angali barabarani, kisha husema “karibu mzee, pita huku” bila kuvitazama viti.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini tarehe 1 Juni 2019 ilikipita kiti hiki bila kukigusa, na hilo ni stahili yake, kwa kuwa mfuko hubeba chakula na kutupwa ilhali kiti hubeba mlaji na kushonwa. Mbali na meza, kimefanya mambo ambayo kiti cha enzi hakikuyawaza. Mhandisi Mmarekani Don Schoendorfer, aliyewahi kumwona mwanamke wa Moroko akitambaa chini kuvuka barabara, alikifunga magurudumu kiti cheupe cha plastiki kiwe cha watu wasioweza kutembea. Shirika lake, Free Wheelchair Mission, lilianza mwaka 2001. Hapo utani hunyamaza kidogo.

Kukiwa na msiba mtaani, viti vya mgahawa huazimwa na wali haupikwi siku hiyo. Kwa ajili hiyo jina la mwenye mali huandikwa kwa rangi nyuma ya mgongo, herufi kubwa, ingawa mara nyingi vinavyorudi huwa na jina la mtu mwingine na idadi iliyopungua kimoja. Hakuna anayeuliza sana.

Mshono wa tatu ukishindwa, miguu hukatwa na sehemu ya kukalia huwekwa juu ya mawe, ikawa ya muuza maji au ya kijana anayemenya viazi nyuma ya jiko. Ikipasuka tena, vipande huuzwa kwa kilo kwa waokota plastiki, husagwa, huyeyushwa na kutoka kalibuni vikiwa ndoo au beseni. Beseni huletwa Kibaha kwa lori pamoja na viti vipya, na huwekwa mlangoni mwa mgahawa kwa ajili ya kunawia mikono.