Tangi Lilipopasuka Albert Park

Katika majengo ya zamani ya Albert Park, mjini Durban, nyumba iliyojengwa kwa familia moja hukaliwa na familia nne. Yetu iko ghorofa ya tatu. Sebule ilikuwa imekatwa kwa mbao nyembamba na mapazia ikawa vyumba vitatu. Upande wa dirisha waliishi Baba Mapacha na mkewe, Warundi wa Buyenzi, kule Bujumbura. Katikati alikuwepo Mama wa Fizi, Mkongomani kama sisi, na binti zake. Karibu na mlango, nyuma ya pazia, alilala kijana wa Temeke, Dar es Salaam, kinyozi. Mimi, baba watoto na wanetu tuna chumba cha ndani, na katika ujia wa kwendea bafuni, chini kabisa ya dari lililobeba tangi la maji ya moto, ndipo nilipoweka cherehani yangu na rafu ya vitambaa, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

Kodi tunachanga, jikoni tunakwenda kwa zamu, bafuni tunasubiriana. Tulikuwa tunaheshimiana sana, tena kupita kiasi. Mtu akikohoa usiku unamsikia, asubuhi humuulizi. Mbao zilikuwa nyembamba kiasi kwamba kila mmoja alijifunza kutosikia, na mkishajifunza kutosikia miaka na miaka, hata kusalimiana hupungua.

Kitu kimoja tu kilituunganisha, likelemba. Kila mwisho wa mwezi tuliweka fungu, anayefikiwa na zamu akachukua, na fungu la Desemba lilikuwa la wote. Krismasi ya 2025 tulinunua mbuzi wawili kwa bucha wa Kiislamu, ili kijana wa Temeke naye ale bila wasiwasi, na nyama ikaingia kwenye friza ya Mama wa Fizi.

Anayeijua Durban anaijua Desemba yake. Joto lina unyevu, shati linaganda mgongoni kabla ya saa tatu asubuhi. Magari ya kutoka Johannesburg yanashuka kwa barabara ya N3 kuja baharini, na wakati huohuo mafundi wa mji huu, wa mabomba, wa umeme, wa ujenzi, wanafunga kazi katikati ya mwezi na kurudi makwao Zululand na Rasi ya Mashariki hadi Januari. Mji unajaa wageni, wa kuutengeneza wameondoka. Kwetu ndio msimu wa riziki. Baba watoto hulinda magari karibu na ufuo, kama wafanyavyo Wakongomani wengi hapa, na bakshishi za Desemba ndizo hulipa ada za shule za Januari. Mimi nashona. Safari hii nilikuwa na kazi ya watoto wa kwaya ya kanisa letu: magauni meupe yenye mikanda ya kitenge chekundu, yote yamekamilika, yamekunjwa rafuni, yanasubiri kupigwa pasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 maji ya bomba, yaliyokuwa yamekatika tangu mchana, yalirudi kwa nguvu. Lile tangi lilikuwa la lita 150, limezeeka, limeliwa na kutu kwenye maungio, na vali inayopaswa kuachia shinikizo ilikuwa imeganda. Shinikizo lilipopanda halikuwa na pa kutokea. Tulisikia mlio, kisha dari la ujia likaanguka lote kwa pamoja, na maji yakashuka juu ya cherehani, juu ya rafu, yakapita chini ya mbao zote bila kubisha hodi kwa yeyote. Umeme ukajikata. Gizani watoto wanalia kwa lugha zao, Baba Mapacha anatafuta koki kuu chini ya sinki, koki haigeuki. Kijana wa Temeke ndiye aliyetoka kwenye korido na koleo akaifunga ya ghorofa nzima.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Gogo, ndivyo bibi anavyoitwa huku, Mzulu wa ghorofa ya pili. Maji yalikuwa yanamdondokea kitandani.

Niseme wazi jinsi moyo wangu ulivyokuwa. Aprili 2015 wageni walifukuzwa katika mji huu, watu wakalala kwenye mahema Isipingo na Chatsworth. Na mwaka huo wa 2025 wenyewe palikuwa na vikundi vilivyosimama malangoni mwa hospitali na kliniki za serikali, vikiwazuia wasio na kitambulisho cha nchi. Mgeni anayemlowesha mwenyeji kitanda usiku wa manane, siku mbili kabla ya Krismasi, ana sababu ya kuogopa. Mama wa Fizi alikuwa ameshaanza kuomba radhi kwa Kizulu chake chote. Gogo alimulika tochi ndani, akaona watoto wamesimama juu ya kitanda, wadogo wamebeba viatu vyao vipya. Akasema wateremshwe kwake wote, sasa hivi. Kisha akauliza kama kuna chakula kitakachoharibika.

Kilikuwepo. Friza haikuwa na umeme, na kwa joto lile nyama isingefika jioni. Basi mbuzi wawili wakashuka ngazi kabla ya alfajiri kwenda jiko la Gogo, na wanawake watatu wa nchi mbili wakachemsha nyama kwenye jiko la mwanamke wa nchi ya tatu hadi jua likatoka. Yeye alikaa kwenye kiti akimenya tangawizi. Alikuwa na ndoo ya kinywaji cha tangawizi kinachochachuka kwa hamira na zabibu kavu, cha kuwapokea wanawe kutoka Nongoma. Kulipokucha akatuambia wanawe wamepiga simu, hawatakuja.

Ya nguo yalinichukua siku nzima. Wekundu wa kitenge ulikuwa umeingia kwenye nyeupe, mabegani na vifuani. Tuliloweka kwa chumvi na maji baridi, tukasuuza mara ya pili na ya tatu, doa likafifia bila kutoka. Duka la vitambaa nililolitegemea lilikuwa limefungwa, na hata lingekuwa wazi fedha ya kitambaa kipya sikuwa nayo. Wateja wangu ni akina mama walioweka sarafu kwa sarafu tangu Agosti. Mama Mapacha alinitazama nikizigeuza nguo hizo, akapanda juu bila neno. Aliporudi alikuwa amelishika pazia lake la lesi nyeupe, lile lililowatenganisha na Mama wa Fizi, limefuliwa. "Kata, dada," alisema. "Mbao zimekwisha, pazia la nini?"

Ni kweli mbao zilikuwa zimekwisha. Zilikunywa maji zikavimba kama mkate, zikaachana tabaka kwa tabaka. Wanaume walizing'oa siku hiyohiyo ili sakafu ikauke, wakazirundika koridoni. Nilipopanda jioni kuchukua mkasi nilisimama mlangoni. Sikuwahi kujua sebule ile ni kubwa namna hiyo, wala kwamba dirisha la Baba Mapacha linaonyesha kipande cha bandari na vilima vya Bluff ng'ambo yake.

Cherehani yangu ni ya mkono, haitaki umeme. Niliikausha, nikaitia mafuta, nikashona vitambaa vya lesi vya kufunika mabega na vifua, Mama wa Fizi akikata, binti zake wakifunga nyuzi. Nasema kwa dhati kwamba magauni yalitoka mazuri kuliko nilivyokuwa nimeyapanga.

Fundi wa bomba hakupatikana. Wakala wa mwenye jengo alisema Januari. Nyumba nyingine za ghorofa yetu nazo zilikuwa zimekosa maji, maana koki ya pamoja ilibaki imefungwa. Ndipo kijana wa Temeke, anayeswali Ijumaa kwenye msikiti wa Juma Masjid, ule ulio jirani na Kanisa Kuu la Emmanuel, akakumbuka mzee mmoja wa Chatsworth. Tarehe 24 mchana alifika naye, na mfuko wa zana begani.

Mzee huyu ni wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Agosti 1873 manowari ya Kiingereza iliteremsha hapa kundi la kwanza la watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji waliopitia Zanzibar, na badala ya kurudishwa kwao walifungwa mikataba ya kazi Natal. Walijenga maisha yao Kings Rest, kule Bluff, wakashika dini yao na Kimakua chao. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwaandika katika fungu la "Waasia Wengine" na kuwahamishia Chatsworth. Mzee alitusimulia haya akiwa juu ya ngazi, mikono ndani ya dari. Kila alipotaja Kings Rest alielekeza bisibisi dirishani, upande wa Bluff. Babu yake alizikwa huko.

Alikata bomba la kuingilia tangini, akaliziba kwa kizibo cha shaba, akafungua koki ya ghorofa. Korido nzima ilishangilia. Maji ya moto yangesubiri tangi jipya, na Desemba ya Durban hakuna anayeyalilia. Kisha akaukagua umeme, akatenga waya wa tangi, taa zikawaka. Tulipomuuliza malipo alitaja nauli ya kurudi Chatsworth tu. Baba watoto alimsihi apokee zaidi, akakataa. Kijana akasema kwa heshima, "Basi, babu, Ijumaa ukitoka kuswali uje ule. Nyama ni halali."

Asubuhi ya Krismasi watoto waliimba na lesi zao. Wakati wa shukrani kanisani Mama wa Fizi alisimama akatoa ushuhuda wa maji, na alipofika kwenye jina la Gogo, Gogo alikuwa ameketi nyuma, ametujia mwenyewe, na mkutano wote ukageuka kumwona. Tulirudi tukala katika sebule moja, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta: bugali na sombe ya majani ya muhogo, wali, mbuzi, na kutoka kwa Gogo maboga, kiazi sukari chekundu na kuku.

Mama yangu yuko Kadutu, Bukavu. Mji ulichukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Februari mwaka ule, benki zikafungwa, na kidogo ninachomtumia hupitia kwenye simu kinapoweza kupita. Tulipompata hewani alisikia kelele za watu akauliza niko sokoni? Nikamwambia niko nyumbani. Akataka kuwasalimu wote. Simu ikazunguka, Mrundi akamwamkia, kijana wa Temeke akamwambia "Shikamoo, bibi", Gogo akamwimbia Kizulu asichokielewa hata neno. Mama alilia, kisha akacheka, kisha akatuombea sote kwa Kiswahili na Kishi mpaka salio likaisha. Tangu Februari sikuwa nimemsikia akicheka.

Ijumaa, siku iliyofuata Krismasi, mzee wa Chatsworth alikuja kweli, na wajukuu wawili. Watoto wetu walitoka baharini wakiwa bado na zile bangili za karatasi zenye namba za simu, ambazo manispaa huwafunga watoto ufukoni wasipotee katika umati wa siku hiyo.

Januari wakala alileta tangi, na swali la mbao likarudi. Watu lazima walale na kuvaa nguo kwa faragha, hilo hakuna aliyebisha. Tulibishana sana juu ya dirisha. Mwishowe Baba Mapacha alisogea ndani, kila familia ikapoteza karibu hatua moja ya nafasi yake, na sehemu ya mbele ya dirisha ikaachwa bila ukuta, na mikeka na meza yangu ya kukatia. Kodi tuliihesabu upya. Gogo alikuwepo kwenye kikao, ingawa haishi kwetu. Alisikiliza, akauliza likelemba ya mwaka huu inaanza lini, akatoa noti kwenye leso akaiweka mbele ya Mama wa Fizi, na akataka iandikwe daftarini kwamba zamu yake ni Novemba, apate muda wa kununua tangawizi.