Ofisi Isiyopenda Mtu Akae

Serikali ya Kenya ilipotangaza tarehe 13 Machi 2020 kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, na siku mbili baadaye ikawahimiza waajiri wawaache watumishi wao wafanyie kazi majumbani, walikuwako wengi walioingiwa na huzuni ya kutengwa na wenzao. Mimi sikuwa miongoni mwao. Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu vya shule kwa ajili ya wachapishaji wa Nairobi, kazi isiyohitaji ila kalamu, kompyuta na subira, na kwa kuwa mke wangu alikuwa amekwisha kuhamishiwa Homa Bay kwa kazi yake ya uuguzi, nilifunga virago nikamfuata huko ziwani, mzaliwa wa Mvita niliyedhani kwamba maji ni maji, yawe ya chumvi au ya baridi. Wenzangu walirudi ofisini zamani. Mimi ningali huku, chini ya kilima cha Asego, katika chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama ua wa jirani.

Siku hizi haiwezekani mtu kujiwekea meza nyumbani bila ya kwanza kupita kwa matabibu. Hao wametuzindua kwamba kukaa kitako ni hatari, na hoja yao ina asili yenye heshima: mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya watumishi wa mabasi ya London, ambamo ilidhihirika kwamba madereva, walioketi mchana kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi yale ya ghorofa wakikata tikiti. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewataka watu wazima wautaabishe mwili kwa kadiri ya dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nilipokwisha kuyasoma hayo niliusikia moyo ukinidunda kwa namna isiyoniridhisha, nikaazimia kupata meza ya kufanyia kazi nikiwa nimesimama, pamoja na kiti cha kuupumzisha mgongo pindi miguu itakapochoka.

Fundi seremala niliyeelekezwa kwake ni mtu wa makamo, msikivu, asiye na papara. Nilimweleza haja yangu, naye akanisikiliza huku akipapasa ndevu.

“Meza ya kusimama, Mwalimu. Urefu?”

“Inifikie kiwikoni, nikiwa nimesimama wima.”

“Na juu yake utaweka nini?”

“Vitabu, na maandishi ya kusoma.”

“Utasoma umesimama?”

“Nitasoma nimesimama.”

“Kwa muda mrefu?”

“Saa mbili, tatu, kwa kadiri nitakavyojaliwa.”

Hapo uso wake ukakunjuka. “Nimekuelewa, Mwalimu. Niachie mimi.”

Alichokielewa nilikiona Ijumaa moja alasiri, mkokoteni uliposimama mlangoni ukiwa umebeba mimbari. Sisemi kitu kilichofanana na mimbari; nasema mimbari, ya mti wa mvule, iliyopigwa msasa ikang’aa, yenye uso uliolala mshazari ili msomaji asiiname, na ukingo mwembamba wa kuizuia Biblia isianguke, na ubavuni kishubaka cha kuwekea vitabu vya nyimbo. Upande wa mbele, unaowaelekea waumini, fundi alikuwa amechonga msalaba mkubwa, na aliponiona nimeukodolea macho alinihakikishia kwa upole kwamba huo hautamgharimu Mwalimu hata senti, ni sadaka yake. Nami ni Mwislamu, mwana wa Mwislamu. Lakini ile mimbari ilinifika kiwikoni pale pale nilipotaka, bila ya kuzidi wala kupungua unene wa ukucha, na ni vigumu kugombana na mtu aliyekosea kwa uaminifu namna ile. Nikamlipa, tukaiingiza ndani, msalaba ukaelekea dirishani.

Yafaa ifahamike kwamba pande hizi Sabato si jambo la mzaha. Waadventista waliweka misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hata leo jua likielekea kuzama siku ya Ijumaa watu hutulia, na mtu aliyetulia huona mengi. Mtaa mzima ulikuwa umeuona mkokoteni. Asubuhi yake, ningali na kikoi kiunoni na kikombe cha kahawa mkononi, nikasikia hodi, na mlangoni wamesimama akina mama wenye vitambaa vyeupe vichwani pamoja na wazee wenye Biblia zao, ambao baada ya kunijulia hali kwa taadhima kubwa waliniuliza ibada ya Mwalimu inaanza saa ngapi. Nikawakaribisha chai, kwa kuwa sikupata jawabu jingine.

Kiti nilikifuata Migori, ambako palikuwa na mtu akiuza vyombo vya ofisi iliyofungwa: kiti cheusi, chenye mikono, magurudumu na mgongo wa kuegemea. Na kwa kuwa haifai mtu kufika huko akarudi bila ya kumwamkia baba mkwe, nilikwenda nacho hadi bomani kwake, kwenye njia ya Thimlich Ohinga, zile kuta ndefu za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Mzee bado ana duol yake, kile kibanda cha mwenye boma kando ya zizi, ambamo Wajaluo wa zamani walipokea wageni, wakala na wenzao na kuamua mashauri ya ukoo. Yaani yeye anafanyia kazi nyumbani tangu kabla ya mimi kuzaliwa. Ameketi humo juu ya kigoda cha miguu mitatu kisicho na pa kuegemea, naye mgongo umemnyooka kuliko wangu. Akakigusa kiti changu kwa fimbo, kikazunguka, akakiangalia mpaka kiliposimama.

“Kinakwenda wapi?” akauliza.

“Hakiendi pahali, Baba. Ni cha kukalia.”

“Basi magurudumu ni ya nini?”

Adabu ya mkwe hainiruhusu kubishana, nami nashukuru, kwa maana hoja sikuwa nayo.

Katika matatu ya kurudi, makanga alikikagua kiti akatoa hukumu kwamba kitu chenye mgongo na mikono ni abiria, na sharti kilipiwe nauli, nikalipa. Tulipofika Awendo, gari limejaa pomoni, akakiona kimekaa bure katikati ya njia, akamwambia mama mmoja mwenye kikapu, “Mama, kaa hapo, nafasi ipo,” naye akamtoza nauli kwa nafasi ile ile. Kila dereva alipokanyaga breki mama yule alikuja mbele mpaka mabegani mwa dereva, na kila tulipopanda kilima alirudi nyuma akiwapita tena wale aliokwisha kuwaomba radhi. Hakuinuka mpaka Rongo. Huko nyuma mimi nilikuwa nikimfikiri Daktari Morris: dereva wetu hakujitingisha hata kidogo, ilhali makanga alining’inia, akaruka, akakimbia sambamba na gari, akapiga bati na kudandia tena, hivi kwamba kwa hesabu ya London alistahili kuishi miaka mia, lau si ule mlango.

Kiti chenyewe kina ila moja ambayo muuzaji hakuitaja, nayo ni kwamba huzama. Mtu hukikalia akiwa na kimo cha kiungwana mbele ya meza ya kulia, na kadiri aya inavyoendelea hewa ya bombani huvuja taratibu, hata afikapo ukurasa wa pili kidevu chake kimelingana na meza na macho yake yanayatazama maandishi kutoka chini; ndipo huinuka, akavuta kipini, kiti kikapanda, akaanza upya. Jioni huja visubi wa ziwani, ambao siku nyingine huonekana kwa mbali wakipanda juu ya maji mfano wa moshi wa meli, na stima ikiwa imepotea, taa pekee mtaani ni kioo cha kompyuta yangu. Hawaumi. Wao hutua tu juu ya mswada, na msahihishaji huiona nukta pasipostahili nukta, akaifuta, isifutike, akaifuta tena, kisha nukta ile ikaondoka kwa miguu yake mpaka mstari wa pili ikasimama mahali ambapo, kwa haki, palihitaji mkato.

Rai yangu, basi, ni kwamba wanaotuusia tuchangamshe ofisi zetu za nyumbani hawajapata kuishi katika nyumba yenye majirani. Mimi kukaa kitako ndiko nilikokukosa. Jirani yangu hufanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, ambao huwatandaza juu ya nyavu uani, mbele ya dirisha langu, wapate kukaushwa na jua, na omena walionyeshewa huharibika na mtaji ukapotea, kwa hiyo mawingu yakijikusanya juu ya ghuba baada ya adhuhuri, sauti yake hupenya ukutani, “Mwalimu! Mvua!” na hapo hakuna cha mswada wala cha nomino. Nimewahi kuitwa hivyo katikati ya kikao cha video, mhariri wangu akisoma kwa sauti orodha ya makosa yangu, nikatoka mbio, nikakunja nyavu, nikabeba, nikarudi nimelowa chapachapa na magamba kifuani, nikamkuta yu pale pale, lakini amenyamaza, anaitazama mimbari iliyobaki peke yake mbele ya kamera.

“Mwalimu,” akasema kwa staha, “ningalijua uko ibadani nisingalikusumbua.”

Mimbari imekwisha kupata utaratibu wake. Wale waliokuja asubuhi ile hukusanyika sasa katika hema la jirani wa pili, nao huja kuiazima kila Ijumaa kabla ya jua kuzama na kuirudisha Jumapili, imefutwa vumbi, mara nyingine na mkungu wa ndizi juu yake. Kishubaka hakirudi kitupu pia. Juzi nilikusanya, bila ya kuzisoma, karatasi zote zilizokuwamo nikazipiga picha nikazipeleka Nairobi pamoja na masahihisho ya kitabu cha Gredi ya Nne, na jibu likaja kabla ya magharibi: masahihisho yamefika salama, mhariri akaandika, na zile kurasa za kuombea wagonjwa pia, tena angependa kujua, ikiwa si siri ya kanisa, kama yule mzee wa tatu katika orodha, mwenye goti, amepata nafuu.

Nikamjibu kwamba amepona, na kwamba yeye ndiye aliyeisukuma mimbari mpaka mlangoni.